Mali bila Daftari: Ushahidi wa Tarakilishi na Siri za Watu Kortini

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii nimeiandika katika insha nyingi na kupewa alama nzuri tu. Lakini maana yake hasa niliielewa mwaka jana, siku niliyofuta meseji za Mama.

Mama yangu ni fundi wa cherehani. Mteja mmoja alimwagiza sare 40 za wafanyakazi wake kwa shilingi 48,000. Mapatano yote yalifanywa kwa WhatsApp: bei, vipimo, rangi na siku ya kuchukua. Mteja akatuma shilingi 10,000 za kuanzia kwa M-Pesa. Sare zilipokwisha alizichukua, akaahidi kulipa zile 38,000 zilizobaki mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja, ukapita, na mwingine ukafuata.

Katikati ya hayo simu ya Mama ikajaa, ikawa haipokei hata picha moja. Akaniambia, "Mwanangu, hebu nisafishie hii simu, wewe ndiye unayeijua." Nami kwa ubingwa wangu nikafuta kila kitu nilichoona ni cha zamani. Nitasema ukweli: nilikuwa nikitafuta nafasi ya video zangu za mpira. Mazungumzo yote na yule mteja yalikwenda na maji.

Mama alipompeleka mteja huyo katika Mahakama ya Madai Madogo, ile inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, jamaa alikana kabisa. Eti hajawahi kumwagiza Mama hata kitambaa cha mkono! Na simu aliyokuwa akitumia wakati ule, eti ilikwisha kuharibika. Mama akaulizwa, "Mama, una maandishi yoyote?" Akageuka akanitazama. Mtazamo ule sitausahau.

Tangu siku hiyo nilianza kuuliza na kusoma: je, maandishi yaliyo ndani ya simu na tarakilishi huingiaje kortini? Na je, korti ikiyataka, siri nyingine za mtu zilizo humo humo huwaje? Hayo ndiyo ninayotaka kuwaeleza katika makala haya.

Kwanza tuanze na desturi ya zamani. Katika kesi ya madai, yaani kesi ya mtu na mtu na siyo ya jinai, nchi nyingi zinazofuata mtindo wa sheria wa Kiingereza huwa na hatua iitwayo ufichuzi. Kabla kesi haijasikizwa, kila upande huuonyesha upande wa pili maandishi yanayohusu jambo lile, hata yale yanayomwumiza mwenyewe. Lengo ni kesi iamuliwe kwa ukweli na siyo kwa ujanja wa kuviziana. Zamani maandishi hayo yalikuwa barua, risiti na mafaili kabatini. Karani angeyabeba kwa mikono miwili akayapanga juu ya meza ya wakili, na kazi ikaanza.

Siku hizi kabati ni tarakilishi. Mtu mmoja wa ofisini anaweza kuwa na maelfu ya barua pepe. Kisha kuna meseji, picha, rekodi za sauti, hesabu na nakala za akiba. Tena barua ya tarakilishi ina tabia mbili ambazo ile ya karatasi haina. Ya kwanza ni kwamba huishi mahali pengi kwa wakati mmoja: kwa aliyeandika, kwa aliyepokea, na mara nyingi katika mitambo ya kampuni iliyoibeba. Ukiifuta kwako hujaifuta kwa wengine. Ya pili ni kwamba hubeba habari zake yenyewe: iliandikwa saa ngapi, kwa chombo gani, ikabadilishwa lini. Mtu akipiga chapa barua hiyo kwenye karatasi, mengi ya hayo hayaonekani. Ndiyo maana wanasheria hupenda kuiona barua yenyewe katika hali yake ya asili.

Kesi iliyowafumbua macho wanasheria wengi ilikuwa ya New York. Mwaka wa 2002 Bi Laura Zubulake, aliyekuwa akiuza hisa katika benki ya UBS, aliishtaki benki hiyo. Alidai kwamba alibaguliwa kwa kuwa mwanamke, na kwamba alifutwa kazi baada ya kulalamika. Akaomba barua pepe za wakubwa wake. Benki ilitoa kurasa kama 100 za barua hizo. Lo! Bi huyo mwenyewe alikuwa ameweka kurasa kama 450. Mwenye daftari alionekana hapo.

Basi akaomba zitafutwe katika kanda za akiba ambazo benki ilikuwa imehifadhi. Benki ikasema kuzifungua ni gharama kubwa. Jaji Shira Scheindlin hakukubali wala hakukataa papo hapo. Aliamuru zifunguliwe kanda 5 kwanza, kama mpishi anavyoonja mchuzi kabla ya kuupakua. Humo zikatokea barua kama 600 zilizohusu kesi. Jaji akaona kuwa kutafuta kuna faida, na mwaka wa 2003 akagawa gharama ya kuzifungua zilizobaki: benki ilipe asilimia 75, na Bi Zubulake asilimia 25.

Baadaye ikagunduliwa kwamba kanda nyingine zilikuwa zimepotea, na kwamba wafanyakazi fulani walifuta barua ingawa mawakili waliwaambia wazihifadhi. Mwaka wa 2004 jaji aliamua kwamba raia wa juri, wale wanaoamua kesi kwa pamoja, waambiwe hivi: mnaweza kuchukulia kwamba barua zilizofutwa zingeiumiza benki. Mwaka wa 2005 juri hilo likaamua mama huyo alipwe zaidi ya dola milioni 29. Ama kweli, mficha uchi hazai.

Funzo la kesi ile liliingia katika sheria. Tarehe 1 Desemba 2006 kanuni za kesi za madai katika mahakama kuu za taifa la Marekani zilibadilishwa, zikataja waziwazi habari zilizohifadhiwa kielektroniki. Mtu akijua kwamba kesi inakuja, hutakiwa kusimamisha kufuta. Wakili naye hatoi amri tu akaenda kunywa chai. Anapaswa kufuatilia aone kama amri imetiiwa. Mwaka wa 2015 kanuni hizo zikarekebishwa tena. Safari hii zilisisitiza kwamba kinachotafutwa kilingane na uzito wa kesi, na kwamba adhabu kali zaidi za kupoteza ushahidi ni za yule aliyefanya makusudi ili mwenzake asiupate. Mimi niliposoma hapo nilipumua kidogo, maana sikufuta kwa makusudi. Lakini pumzi yangu haikurudisha pesa za Mama.

Sasa tazama tatizo lililofuata. Kama barua ni milioni 3, nani atazisoma? Wakili akisoma barua moja kwa dakika moja, saa 8 kila siku bila mapumziko, atahitaji zaidi ya miaka 17. Hapo ndipo tarakilishi iliitwa isaidie kusoma yale iliyoyajaza. Wakili mzoefu husoma barua chache, akiziwekea alama: hii inahusu, hii haihusu. Mtambo huangalia alama hizo, hujifunza mfano wake, kisha huzipanga zile mamilioni zilizobaki. Wakili huchota tena chache kutoka rundo lililokataliwa, aone kama kuna kitu kimeachwa. Ni kama mwalimu anayemwachia kiranja kusahihisha madaftari halafu anakagua machache mwenyewe. Mwaka wa 2012 Jaji Andrew Peck wa New York alikubali njia hii itumike katika kesi iliyokuwa na barua pepe kama milioni 3. Mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ya Uingereza ikaikubali vilevile.

Hata hivyo, mtambo si mwalimu. Mwaka wa 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka kortini kesi za zamani ambazo hazikuwahi kuwako. Programu ya kuandika ndiyo iliyozitunga nao hawakuzihakikisha. Kazi ya kuhakikisha bado ni ya binadamu.

Mpaka hapa, msomaji, unaweza kufikiri kwamba kila kitu kifunguliwe tu, mradi ukweli upatikane. Ngoja kwanza. Wimbo huu una sauti ya pili.

Kampuni ya nishati ya Enron, ya Houston huko Marekani, ilifilisika Desemba 2001 kwa udanganyifu mkubwa wa hesabu. Shirika la serikali linalosimamia nishati lilichunguza jinsi kampuni hiyo ilivyofanya biashara ya umeme magharibi ya nchi, likakusanya barua pepe za wafanyakazi. Mwaka wa 2003 likazianika zote hadharani kwenye intaneti. Nakala inayotumiwa na watafiti wengi ina barua kama nusu milioni za watu wapatao 150. Humo hamkuwa na mambo ya umeme peke yake. Mlikuwa na barua za mume na mke, habari za nyumbani, na hata nambari za utambulisho za watu. Wengi wa walioandika hawakushtakiwa kwa lolote. Baadaye baadhi ya barua ziliondolewa, lakini nakala zilikuwa zimekwisha kusambaa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Hebu jiulize: karani wa Enron aliyemwandikia mkewe kuhusu mtoto mgonjwa alikosa nini? Kosa lake lilikuwa kutumia tarakilishi moja na wakubwa waliokosa.

Kwa sababu kama hizo, sheria za faragha nazo zimeota meno. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia kanuni zake kali za ulinzi wa data tarehe 25 Mei 2018. Tangu hapo wakili wa Marekani akitaka barua zilizo Ujerumani au Ufaransa hawezi kuzikomba kama mchanga. Lazima kwanza aonyeshe sababu, achague zinazohusu, na majina ya wasiohusika yafunikwe. Kufunika kwenyewe kuna ufundi wake. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kusimamia kampeni ya rais wa Marekani, walipeleka kortini waraka wenye mistari iliyofunikwa kwa weusi. Waandishi wa habari waliyanakili yale maneno, wakayabandika kwingine, na siri yote ikasomeka! Weusi ulikuwa juu tu, maneno yalikuwa bado chini yake, kama mtu aliyejifunika shuka la chandarua.

Je, kwetu Kenya mambo yakoje? Kipengele cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwa ni pamoja na mawasiliano yake kutoingiliwa. Mwaka wa 2019 tulipata Sheria ya Ulinzi wa Data, na Kamishna wa kwanza wa Data, Bi Immaculate Kassait, akaapishwa mwaka wa 2020. Sheria hiyo haifungi mlango wa korti, kwani inakubali data itumike katika kudai au kutetea haki. Inachotaka ni kwamba mtu achukue kile anachokihitaji tu, kwa sababu inayojulikana, na akitunze. Upande wa ushahidi nao, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinakubali rekodi za kielektroniki, lakini kinataka ziambatane na cheti kinachoeleza jinsi rekodi ilivyotolewa na kwa chombo gani. Yaani usidhani utainua simu yako juu mbele ya jaji ukamwambia, "Si ujionee mwenyewe!"

Mfano mkubwa kabisa wa hapa nyumbani mnaujua. Sitaingia katika siasa, nataka tu kuonyesha jambo la ushahidi. Mwaka wa 2017, katika kesi ya uchaguzi wa rais, Mahakama ya Juu iliiamuru Tume ya Uchaguzi iruhusu mitambo yake ya tarakilishi ikaguliwe, kwa kusoma tu bila kugusa. Tume haikutekeleza amri hiyo kikamilifu. Tarehe 1 Septemba uchaguzi ukabatilishwa. Katika hukumu yake ndefu mahakama ilieleza kwamba kushindwa kwa Tume kuifungua mitambo kulihesabiwa dhidi yake. Hoja hiyo ndiyo ile ile ya Jaji Scheindlin: ukikataa kuonyesha, korti ina ruhusa ya kuuliza unaficha nini. Kisha mwaka wa 2022 kesi nyingine ikaja. Mitambo ikakaguliwa chini ya usimamizi wa Msajili wa mahakama, na tarehe 5 Septemba majaji wote kwa kauli moja wakathibitisha matokeo. Kumbe kufungua daftari humsaidia pia yule anayeshtakiwa.

Na msidhani faragha ni mambo ya wakubwa. Mwaka wa 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha tu! Kwa hivyo wewe unayepiga picha ya meseji za mwenzako bwenini au darasani ukaisambaza kwa kundi zima, fikiri mara mbili.

Sasa nirudi kwa Mama. Baada ya meseji kupotea, jirani yetu anayefanya kazi kwa wakili alimwambia, "Mama, pesa ya M-Pesa haifutiki kwa kufuta meseji. Omba taarifa kutoka kwa kampuni ya simu." Kumbe rekodi ilikuwa inaishi kwingine, kama nilivyoeleza hapo juu. Tulifurahi. Kisha taarifa ikaja, na Mama alipoisoma furaha ikamtoka usoni. Ilikuwa imeandika kila shilingi aliyotuma na kupokea kwa miezi 6: nani alimkopesha, nani alimkopa, nani alimsaidia. Akaikunja akaiweka mfukoni mwa leso. Akasema, "Afadhali nipoteze hizo 38,000 kuliko watu wasome maisha yangu."

Mambo yaliyokuwamo siyaandiki hapa, maana nitakuwa ninafanya kosa lile lile ninalolieleza. Hata kisa hiki ninakiandika kwa ruhusa yake.

Ni yule yule jirani aliyetuokoa. Alituambia kwamba kesi ni ya sare na siyo ya maisha ya Mama. Kinachohitajika ni siku ile moja tu. Tukaomba taarifa ya siku ile peke yake: mstari mmoja ukionyesha shilingi 10,000 kutoka nambari ya mteja. Tukaongeza daftari la Mama la vipimo, lenye tarehe na idadi ya sare. Jamaa alipoyaona hayo mawili akaacha kukana. Lakini bei ya 48,000 haikuwa imeandikwa popote ila katika zile meseji. Mwishowe wakapatana alipe 18,000. Shilingi 20,000 za Mama zikapotea, na mimi ndiye ninayejua zilikokwenda: zilikwenda kwa video za mpira.

Basi, ndugu msomaji, kwa maoni yangu mambo mawili haya, ushahidi na faragha, si maadui. Yote mawili yanahitaji mtu anayejua kilicho ndani ya daftari lake. Asiyejua atafuta kinachomtetea na kuanika kisichohusika, kama nilivyokaribia kufanya yote mawili. Korti nzuri ni ile inayouliza swali lililo wazi, ikafungua ukurasa unaolijibu, na kuziacha kurasa nyingine zimefungwa.

Nawe fanya hivi. Mapatano ya pesa yahifadhi mahali pawili, na ukiweza yaandike pia kwenye karatasi. Ukiona ugomvi unakuja usifute kitu, hata kile kinachokuaibisha. Ukiombwa ushahidi, toa unaohusika na uulize sababu ya kuombwa zaidi. Na ukishika simu ya mtu mwingine, hata ya mama yako mzazi, kumbuka kwamba umeshika kabati lake zima.

Siku hizi Mama huandika bei katika daftari la vipimo, na mteja hutia sahihi papo hapo kabla kitambaa hakijakatwa. Simu yake ikijaa haniiti tena mimi, humwita dada yangu mdogo. Nami sina la kusema.